Kabla ya Kumlipa Fundi, Wakala au Mhasibu: Namna Mfanyabiashara Mdogo Anavyoweza Kumhakiki Mtoa Huduma

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayefungua mashine ya kusaga nafaka hawezi kuanza kazi mpaka watu wengine kadhaa wamalize zao. Fundi mwashi hujenga banda, fundi umeme hufunga nyaya za njia tatu, wakala wa forodha huitoa mota bandarini, wakili huandaa mkataba wa pango, na mhasibu huanza kupanga hesabu za kodi kabla gunia la kwanza la mahindi halijapimwa. Kila mmoja wao hushika sehemu ya mtaji wa mwenye mashine, na kila mmoja anaweza kuupoteza.

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaitambua biashara ndogo kuwa ile yenye wafanyakazi kuanzia 5 hadi 49 na mtaji unaozidi shilingi milioni 5 hadi kufikia shilingi milioni 200. Iliyo chini ya viwango hivyo huhesabiwa kuwa biashara ndogo sana. Kampuni kubwa ikikosea kumchagua mkandarasi, ina idara ya sheria na akiba ya kuanzia upya. Mwenye mashine moja ya kusaga hana vyote viwili.

Lipo jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa: kazi iliyoharibiwa na mtoa huduma mara nyingi hubaki mikononi mwa aliyemtuma. Ritani ya kodi ni ya mlipakodi hata kama iliandikwa na mtu mwingine, na riba au adhabu inayotokana na makosa yake hudaiwa kwa mlipakodi. Katika forodha sheria imelitamka hilo waziwazi. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinamfanya mwenye mzigo kuwajibika kwa vitendo na matamko ya wakala aliyemwidhinisha. Kwa hiyo kauli ya kwamba "wakala ndiye aliyejaza" haimwondolei mwenye mzigo wajibu wake.

Nyaraka zisizopima ujuzi

Mtoa huduma anapotaka kuaminiwa, kwa kawaida huonyesha cheti cha usajili kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara. Ni vizuri kuziona nyaraka hizo, na asiyekuwa nazo anastahili kuulizwa sababu. Hata hivyo, hakuna hata moja inayosema kwamba mwenye nayo anaifahamu kazi yake. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa. TIN inathibitisha kwamba mhusika ametambuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Leseni ya biashara inathibitisha kwamba ameruhusiwa kufanya biashara ya aina fulani mahali fulani. Mtu anaweza kuwa nazo zote tatu na asijue kupima waya wa ardhini.

Nyaraka hizo zina faida nyingine. Zinaonyesha kwamba mtoa huduma anapatikana, kwamba ana jina na anuani vinavyoweza kuandikwa katika mkataba na, ikibidi, katika hati ya madai mahakamani. Taarifa za kampuni na majina ya biashara zinaweza kutafutwa katika mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao wa BRELA. Kwa upande wa Zanzibar, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Ni busara pia kulinganisha jina lililosajiliwa na jina linalojitokeza kwenye simu wakati wa kulipa kwa lipa namba, kabla ya kuweka namba ya siri. Yakitofautiana, ulizia kwanza.

Ujuzi huthibitishwa na vyombo vingine, na kanuni ni moja kwa vyote: hakiki kwa msajili mwenyewe, si katika karatasi aliyoileta mwombaji wa kazi. Karatasi hunakiliwa kwa dakika chache katika duka lolote la kutoa kopi, na cheti halali cha miaka mitano iliyopita kinaweza kuwa cha mtu aliyekwisha kufutwa katika daftari. Daftari la msajili ndilo linaloonyesha hali ya leo.

Umeme na ujenzi

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeiweka kazi ya ufungaji wa mifumo ya umeme miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni, na leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina ukomo wa kazi. Hapa ndipo wengi hukosea. Humwuliza fundi kama ana leseni, naye hujibu kwa ukweli kwamba anayo, lakini leseni yenyewe ni ya kazi za nyumba ya kuishi ilhali anakwenda kufunga mota ya njia tatu. Swali sahihi ni leseni ya daraja gani, na daraja hilo linaruhusu kazi ipi. EWURA ina orodha ya wenye leseni, na mwananchi anaweza kuulizia katika ofisi zake za kanda.

Wasio na leseni wanajulikana mitaani kwa jina la vishoka. Kishoka huwa si mgeni. Mara nyingi ni kijana wa mtaani anayefahamika, mwenye bei nafuu, ambaye amefunga taa katika nyumba kumi bila tatizo. Tatizo hujitokeza pale mzigo wa umeme unapokuwa mkubwa kuliko waya aliouchagua. Moto ukitokea, miongoni mwa maswali ya awali ya kampuni ya bima litakuwa ni nani aliyefunga nyaya hizo.

Maombi ya kuunganishiwa umeme na TANESCO mwananchi anaweza kuyafanya mwenyewe, na malipo hufanywa kwa namba maalumu ya malipo ya Serikali ambayo wengi huiita kontrol namba. Fundi hana sababu ya kupokea fedha za TANESCO mkononi. Sababu hiyo hakuna pia kwa mtu mwingine yeyote anayejitolea "kukusaidia" kulipa ada ya Serikali: mwombe akuletee namba ya malipo, kisha lipa wewe.

Kwa ujenzi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo na wale wa kazi za ujenzi wa barabara na madaraja wamegawanywa katika madaraja 7, la kwanza likiwa la juu kabisa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Ni kweli kwamba kwa banda dogo au ukarabati wa chumba wengi humwita fundi wa mtaani, na si kila kazi inahitaji mkandarasi wa daraja. Lakini jengo litakaloingiza watu, mizigo mizito au mashine inayotetemeka halifai kuachwa bila mtaalamu kuupitia mchoro wake, hata kama atalipwa kwa siku moja tu.

Mhasibu na wakili

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ndiyo inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini. Mfanyabiashara anapaswa kujua tofauti moja ambayo haizungumzwi sana: mtu kufaulu mitihani ya juu ya uhasibu na kuandikishwa na Bodi hakumpi moja kwa moja ruhusa ya kukagua na kutia saini hesabu za watu wengine. Ruhusa hiyo ni ya wale waliosajiliwa kutoa huduma kwa umma. Hesabu zilizotiwa saini na asiye na sifa hiyo zinaweza kukataliwa na benki au na TRA baada ya gharama kulipwa. Washauri wa kodi nao hutakiwa kusajiliwa na Kamishna Mkuu wa TRA.

Kwa biashara nyingi ndogo, mtu anayeshughulikia hesabu si mhasibu mwenye cheti cha juu, ni mtunza vitabu anayekuja mara mbili kwa mwezi. Hakuna ubaya katika hilo, ila mwenye biashara asimwachie nywila. Akaunti ya mlipakodi katika mfumo wa TRA, barua pepe iliyounganishwa nayo na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho viwe vya mwenye biashara. Wapo watu waliogundua kwamba ritani zao hazikuwasilishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu taarifa zote za TRA zilikuwa zikienda kwenye simu ya mtunza vitabu aliyekwisha kuhama mji.

Kuhusu mawakili, kazi ya kuhakiki imerahisishwa. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili unaomwezesha mwananchi kutafuta jina la wakili na kuona kama ameruhusiwa kufanya kazi kwa wakati huo. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, hivyo aliyekuwa wakili halali mwaka jana anaweza asiwe na ruhusa mwaka huu. Utafutaji huo huchukua muda mfupi kuliko kuisoma ankara yake.

Mizigo kutoka nje

Eneo la forodha linastahili kuangaliwa kwa kirefu kuliko mengine, kwa kuwa hapo fedha nyingi hupita kwa muda mfupi na mwenye mzigo mara nyingi yuko mbali na bandari. Mawakala wa forodha hupewa leseni na TRA. Wakala asiye na leseni kwa mwaka husika hawezi kuwasilisha nyaraka za mzigo kwa jina lake. Anachoweza kufanya ni kuzipitishia kwa wakala mwingine, na hapo mwenye mzigo huwa amemkabidhi mali mtu asiyemfahamu.

Wafanyabiashara wengi wa bidhaa za jumla, wakiwemo wa Kariakoo, hununua mizigo midogo nje ya nchi na kuisafirisha kwa kuchangia kontena na wenzao. Msafirishaji hutaja bei moja ya jumla kwa kilo au kwa ujazo, "mpaka mlangoni", kodi ikiwa ndani yake. Bei hiyo hupendeza kwa sababu inaondoa usumbufu. Ubaya wake huonekana baadaye. Nyaraka za kuingiza mzigo huwa kwa jina la msafirishaji au la mtu mwingine, na mwenye duka hubaki na bidhaa asizoweza kuonyesha zilivyoingia nchini wala kodi iliyolipwa. Maofisa wa kodi wakifika dukani na kuuliza nyaraka za ununuzi, jibu la kwamba "nililipa kwa kilo" halimsaidii.

Mwandishi hashauri kuacha kuchangia kontena, maana kwa mtaji mdogo hakuna njia nyingine iliyo nafuu. Linaloshauriwa ni kumwomba wakala atenganishe katika ankara yake mambo matatu: kodi na ushuru wa Serikali, gharama za bandari na usafiri, na ujira wake mwenyewe. Sehemu ya kodi iwe na tamko la forodha na uthibitisho wa malipo. Wakala mwaminifu hapati shida kufanya hivyo. Anayesema kwamba kodi ni siri yake, au kwamba thamani ya bidhaa itashushwa kidogo kwenye nyaraka "kwa faida yako", anakueleza mapema nani atakayeitwa thamani hiyo itakapohojiwa.

Kazi zisizo na bodi

Si kila ufundi una bodi ya kuusajili. Fundi wa friji na majokofu, fundi magari, mshonaji anayepewa kazi ya sare, mpiga picha wa bidhaa, mtengeneza tovuti, kijana anayesimamia ukurasa wa biashara mtandaoni: hawa huchaguliwa kwa njia nyingine. Cheti cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ni mwanzo mzuri. VETA pia ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani, na fundi aliyekubali kupimwa amekwisha kuonyesha jambo fulani kuhusu tabia yake.

Zaidi ya cheti, nenda ukaione kazi yake, na usichague ile aliyoikamilisha wiki iliyopita. Omba kuona paa lililokwisha kupita msimu mmoja wa masika, au jokofu alilolitengeneza mwaka uliopita. Unapozungumza na mteja wake wa zamani, usiishie kumwuliza kama kazi ilikuwa nzuri, kwa sababu wengi hujibu ndiyo kwa adabu. Mwulize kitu gani kiliharibika baadaye na fundi alifanya nini alipopigiwa simu. Hakuna kazi isiyoharibika kabisa, na jibu la swali hilo hueleza mengi kuliko sifa zote. Kisha mpe kazi ndogo kwanza. Anayetaka kushona sare mia moja ashone tano. Utaona kama anatunza tarehe, kama anarudisha kitambaa kilichobaki, na kama anapokea simu baada ya kulipwa.

Kwa huduma za kompyuta na mtandao kuna tahadhari ya pekee. Jina la tovuti, kwa mfano lile linaloishia na .tz, linapaswa kusajiliwa kwa jina la biashara na si la fundi aliyeitengeneza. Vivyo hivyo kwa akaunti za mitandao ya kijamii na namba ya simu ya biashara. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, na umiliki ubaki kwa mwenye mali. Aidha, mfanyabiashara anayempa mtu wa nje orodha ya majina na simu za wateja wake akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu yeye kama mkusanyaji wa taarifa hizo. Mteja akianza kupokea ujumbe asiouomba, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na duka ndilo litakalotakiwa kueleza.

Makubaliano na malipo

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano ya mdomo. Ugumu wake ni kuyathibitisha. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, vifaa vya aina gani na nani atavinunua, bei, tarehe ya kumaliza, na nini kitafanyika kasoro ikionekana baada ya kukabidhi. Pale ambapo fundi hapendi karatasi, tuma makubaliano hayo kwa ujumbe wa simu na umwombe ajibu kwamba amekubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi unaoweza kupokewa mahakamani. Usiufute.

Malipo yafuate hatua za kazi. Fundi anayedai fedha zote kabla ya kuanza huenda anazitumia kumalizia kazi ya mteja mwingine, na wewe utasubiri mpaka apatikane mteja wa kumalizia yako. Vifaa vinunuliwe na mwenye kazi, au kwa risiti yenye jina lake, na sehemu ya malipo ibaki mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Katika ujenzi utaratibu huo ni wa kawaida na hakuna fundi wa kweli anayeushangaa. Kuhusu risiti, wito wa TRA unafahamika na wote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kwa mfanyabiashara, risiti ya mashine ya EFD si hisani kwa Serikali peke yake. Gharama isiyo na risiti ni ngumu kuitetea hesabu zake zinapokaguliwa, na risiti hiyo hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba fundi alilipwa, siku gani na kiasi gani. Uhalali wake unaweza kuhakikiwa katika tovuti ya TRA.

Bei ya chini kupita zote mara nyingi huwa imeacha kitu nje. Badala ya kuikataa papo hapo, mwulize mhusika aieleze kifaa kwa kifaa. Na mtoa huduma anayeweka katika bei yake fedha za "kuongea na watu" ofisini aachwe mara moja. Fedha hiyo ikitolewa kuwa rushwa, aliyeitoa kupitia mkono wa mwingine naye anaweza kujibu shitaka. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Mambo yakiharibika, anza na mtoa huduma mwenyewe kwa maandishi, ukimpa muda maalumu wa kurekebisha. Asipotekeleza, lalamiko dhidi ya mwenye leseni au usajili hupelekwa kwa chombo kilichompa: EWURA kwa fundi umeme, CRB kwa mkandarasi, NBAA kwa mhasibu, Kamati ya Mawakili kwa wakili, TRA kwa wakala wa forodha. Vyombo hivyo vinaweza kumwadhibu au kumfutia usajili, lakini kurejeshewa fedha kwa kawaida ni suala la madai mahakamani, na kwa madai madogo mlango wa karibu ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Mlalamikaji aende na makubaliano, risiti, ujumbe wa simu na picha za kazi zilizopigwa siku kasoro ilipoonekana, kabla fundi wa pili hajaanza kuirekebisha.